Kabureta Mbili Ziko Basotu

Nairobi, Kenya

Kwa Baba na Mama,

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Kabla sijaleta la kwangu nataka kujua la kwenu. Ule mguu wa Mama uliovimba wakati wa palizi umepungua? Maharage yamewahi mvua, au yameungua tena kama mwaka jana? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa salama? Mimi mwili ni mzima. Hata kikohozi kimeniacha tangu nianze kujifunga kitambaa puani ninapopiga msasa magari. Nasikia sasa mmekuwa mkoa wa Manyara na makao makuu yako Babati. Sikujua juu ya bahasha niandike Arusha au Manyara, kwa hiyo nimeandika yote mawili.

Paskalina mdogo wangu, najua ni wewe umeshika karatasi hizi unamsomea Baba. Soma polepole na usiruke mstari, hata ukifika mahali ukaona aibu kwa ajili yangu. Mambo mengine yalitokea ukiwa hujazaliwa, mengine ulikuwa mdogo mno. Nitayaeleza kwa sababu yako, Baba anisamehe kwa kumrudishia anayoyajua.

Baba, nina hakika umeshaambiwa kwamba nilionekana Basotu mwezi uliopita. Yule dereva wa lori la ngano aliponipungia mkono pale sokoni nilijua habari itakuwa imefika nyumbani Bashay kabla yangu. Ni kweli nilikuwa Basotu. Ni kweli pia kwamba nilifika hadi Dongobesh, karibu kabisa na nyumbani, nikakaa kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, mabasi mawili yakapita, na la tatu nikalipanda. Lilikuwa la kurudi Arusha. Sikuwa na haraka ya kazi wala sikuwa mgonjwa. Nilikuogopa. Barua hii ni ya kusema nilikuogopea nini.

Paskalina, lile gari lililoko bandani kwetu, ambalo kuku wanataga chini yake na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuligusa, si la Baba. Mwaka wa mvua nyingi, kabla watu hawajahamishiwa vijijini, magari ya mashindano yalipita njia ya kwetu wakati wa Pasaka. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Moja likaingia korongoni chini ya nyumba yetu ya zamani, likavunja geaboksi. Vijana walilivuta kwa kamba hadi uani kwetu. Ni gari la Kijapani, la milango miwili na pua ndefu. Hapa Nairobi wanaliita Zedi. Dereva wake alikuwa Singasinga mwenye kilemba. Alimwonyesha Baba mahali pa kuweka spana akamwambia, "Nitarudi kulichukua. Mpaka nirudi, izungushe injini kwa mkono mara moja kwa mwezi, isishikwe na kutu." Baba akasema, "Nimesikia." Yule mtu akaondoka na gari la wenzake.

Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini, Baba alifunga maksai sita akaliburuta gari hadi tulipo sasa. Mama aliwahi kunieleza watu walivyomcheka, kwamba wenzake wanabeba mahindi, yeye anabeba chuma. Baadaye mpaka wa Kenya ukafungwa. Ikaja miaka ya shida, wakati hata sabuni ilipatikana kwa kujuana, na watu wakaja kutoka Katesh na Mbulu kuomba taa, vioo, matairi. Baba alikuwa na jibu moja tu. "Si langu. Nimeachiwa nitunze." Na kila mwezi alifungua boneti, akazungusha injini, akapaka mafuta ya mkia wa kondoo kila mahali palipotaka kushika kutu.

Baba, sasa nasema lenyewe.

Kabureta mbili zilizotoka kwenye injini ile, nilizitoa mimi. Danieli hakuzigusa.

Nilikuwa nataka kwenda Arusha kujifunza ufundi na wewe ulisema nisubiri mwaka mwingine. Mlipokuwa shambani nilizifungua kwa spana ile ile uliyoachiwa, nikazipeleka mnadani Katesh ndani ya gunia la vitunguu, nikamwuzia fundi mmoja wa pikipiki. Niliyoyapata niliyaficha juu ya dari, nikingoja wakati mzuri wa kuaga. Wiki chache baadaye ukafungua boneti. Danieli alikuwa amerudi wiki zile zile kutoka kuvuna kwenye mashamba ya ngano, na alikuwa na redio mpya. Hukuuliza mara mbili. Uliita majirani, ukasimama mlangoni mwa zizi ukamwambia mbele yao, "Aliyekula amana yangu hali tena ugali wangu." Danieli alisema mara moja tu, "Sikuchukua, Mjomba." Akaingia ndani, akatoka na shuka lake, akaenda. Redio aliiacha.

Paskalina, Danieli ni mtoto wa shangazi yetu aliyefariki. Mama alimnyonyesha pamoja na mtoto wake wa kwanza, yule ambaye hakuishi. Hakuwa mgeni kwetu. Na siku hiyo mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale, nimeshika kamba ya ndama, nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Miezi miwili baadaye nikaaga, Mama akanifungia mahindi ya kuchoma, Baba ukaniombea. Nikaondoka na baraka isiyokuwa yangu.

Arusha nilijifunza kazi miaka mingi, hayo mnayajua. Nilipovuka kuja Nairobi niliwaandikia kwamba nimepata gereji ya Mhindi mzee. Sikuwaandikia ni gereji ya kazi gani. Ni ya kufufua magari ya zamani ya Kijapani ya mbio. Watu wenye uwezo, wengine kutoka Ulaya, wanayaleta yakiwa yameliwa na kutu hata unaona ardhi kupitia sakafuni, na sisi tunayarudisha yalivyotoka kiwandani. Si kuyafanya yatembee tu. Hata bolti ikiwa si ya aina yake, mwenye gari anaikataa. Kwa hiyo nusu ya kazi yetu ni kutafuta spea. Tumezifuata mashamba ya kahawa, tumezifuata kwa mafundi wa Kampala na kwenye magereji yaliyofungwa. Siku hizi spea za kuiga zinakuja kwa makontena na zinang'aa kuliko za kweli. Mzee amenifundisha kuzigeuza, kutafuta alama iliyopigwa wakati chuma kinamiminwa, na kupapasa kwa kidole pale jicho lisipofika, maana anayeiga husafisha panapoonekana tu.

Mzee huyo anaitwa Bwana Dalip. Siku ya kwanza alinipa injini ya Zedi iliyofunguliwa vipande vipande, mezani, anipime. Niliipanga bila kuuliza. Akaniambia, "Gari hili hapa mjini watu wanaolijua hawafiki kumi. Wewe umelijulia wapi?" Nikasema Arusha. Akauliza nyumbani ni wapi hasa. Nikasema Mbulu. Aliacha kufuta mikono. "Mbulu," akasema. "Mimi nina gari langu Mbulu."

Ndiye yeye, Baba. Ndiye uliyemwambia, "Nimesikia."

Kila wakati wa chakula cha mchana alikuwa akiwasimulia mafundi wapya habari ile, na mimi natafuna. Alisema shughuli zilimchelewesha, mwaka uliofuata ndipo akamtuma mtu na lori. Mtu yule akafika korongoni akakuta nyumba zimebomolewa, hakuna hata mbwa, na hakuna wa kumwuliza watu wamehamia wapi. Akajipanga kwenda mwenyewe, mpaka ukafungwa. Ulipofunguliwa alikuwa ameuza nyumba, mke wake anaumwa, hakuwa na moyo wa magari. "Yule kijana mwenye blanketi," alikuwa akisema, "alikuwa mtu mzuri. Atakuwa ameliuza kama chuma chakavu, na simlaumu." Nilimsikia akisema hivyo miaka miwili, Baba. Ningeweza kumkatiza wakati wowote. Lakini nilijua nikisema gari lipo, swali la pili litakuwa kama ni zima, na jibu la swali hilo lilikuwa mimi.

Mwaka huu amekonda. Mikono inatetemeka, hawezi tena kushika bisibisi ndogo. Siku moja alikuja mteja akitaka Zedi iliyokimbia mashindano hasa, yenye vitu vyake vyote vya asili, akasema hakuna iliyobaki upande huu wa Afrika. Bwana Dalip akamjibu, "Yangu nayo ilikwisha, nadhani." Alilisema kama mtu anayetaja marehemu. Mteja alipoondoka nikamfuata ofisini nikamwambia, "Mzee, gari lako lipo. Yule kijana mwenye blanketi ni baba yangu."

Alikaa juu ya tairi. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa chini katika gereji ile. Jambo la kwanza aliuliza, "Yu hai?" Nikasema yu hai, ana mvi sasa. Akauliza alilitunzaje. Nikamweleza maksai, nikamweleza mafuta ya kondoo, nikamweleza kwamba unazungusha injini kila mwezi mpaka leo. Akavua miwani. "Mpaka leo?" akasema. "Nilimwambia vile kwa sababu nilidhani nitarudi baada ya wiki mbili."

Halafu akauliza lile nililolijua. "Kuna kilichopotea?"

"Kabureta mbili," nikasema. "Ziliibwa."

"Na nani?"

"Wezi tu."

Hivyo nikasema uongo mara ya pili, Baba, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili. Akaniambia, "Nenda ukazitafute. Za kununua zipo, lakini zile zilizaliwa na injini ile." Akanipa ruhusa ya siku kumi.

Nikaenda Katesh. Yule fundi bado yupo palepale, amezeeka, meno ya mbele yamekwisha. Hakunitambua mpaka nilipotaja gunia la vitunguu. Akacheka, kisha akashangaa. "Zile ziliondoka siku nyingi," akasema. "Hazikuingia kwenye chombo chochote. Alikuja ndugu yako akazinunua. Yule mrefu. Sasa yuko Basotu, ni mvuvi."

Nilikaa Katesh kutwa nzima kabla sijapata miguu ya kwenda Basotu.

Danieli anakaa upande wa pili wa ziwa, nyumba ya tofali, bati juu, nzuri. Nilimkuta akishona nyavu. Amenenepa kidogo mabegani, nywele zimepungua. Aliniona tangu mbali lakini hakuinuka.

"Umefika," akasema.

"Nimefika. Habari za hapa?"

"Nzuri. Habari za nyumbani?"

Nyumbani nilikuwa sijafika, naye alikuwa hajafika kwa miaka kumi na zaidi. Mke wake, anaitwa Agnesi, mwanamke mpole, akaniletea maji ya kunawa, ugali na perege. Danieli alikula na mimi sahani moja, kama zamani. Tulipomaliza akaingia ndani akatoka na debe la mafuta, lina mfuniko. Ndani kulikuwa na kipande cha wavu, na ndani ya wavu kabureta mbili zimepakwa grisi, kavu, safi, kama nilivyozitoa.

"Umefuata hizi," akasema.

Nilimwuliza amezipataje. Alisema alipofukuzwa alikwenda moja kwa moja Katesh, akazunguka kwa kila fundi, akitaka kujua ni nani aliyenunua mkosi ule. Alipozipata alitoa mshahara wake wote wa ngano uliobaki baada ya redio. Akaziweka begani akatembea kurudi Bashay akiwa na furaha, akifikiri sasa atakuwa safi. Alifika hadi kwenye lile korongo la zamani. Hapo akasimama.

"Nilijiona," akaniambia. "Mtu ameambiwa ni mwizi, halafu anatokea na kitu chenyewe mkononi. Nani angeuliza nilikitoa wapi? Nikageuka."

"Lakini ulijua ni mimi. Yule fundi alikuambia."

"Aliniambia mfupi mwenye kovu kidevuni. Nilijua kabla hajamaliza."

"Kwa nini hukusema?"

Alishona matundu mawili matatu ya wavu kabla ya kunijibu. "Ningemwambia Mjomba mwizi ni mwanao wa kuzaa, mimi wa kulelewa? Neno langu lilikuwa jepesi siku ile. Na kama angeniamini, angekufukuza wewe, na Mama angetupoteza sote wawili." Kisha akanitazama usoni. "Usifikiri mimi ni mtakatifu. Miaka ya kwanza nilikuwa naomba ugongwe na gari huko Arusha."

"Na sasa?"

"Sasa nina kazi nyingi."

Nililia, Baba. Agnesi alitoka nje akatuacha. Nilimwomba Danieli msamaha kwa maneno niliyoyaandaa njiani na mengine ambayo sikuyaandaa. Hakusema amenisamehe wala hakusema hapana. Alisema, "Nimekusikia," kama unavyosema wewe. Nilipoinuka nikanyoosha mkono kuchukua lile debe, akaliweka nyuma yake.

"Hizi haziendi na wewe," akasema. "Ulizitoa kwa mkono wako, mimi nilizinunua kwa wangu. Zitarudi kwa Mjomba nikizibeba mimi, siku atakayoniita. Asiponiita, zitakaa hapa."

Ndipo nikaja Dongobesh, nikakaa kwenye lile benchi. Nilikuwa nikijipanga jinsi ya kusema, na kila nilivyojipanga nilijiona nikipunguza kidogo. Nilijiona nikisema nilikuwa mdogo. Sikuwa mdogo. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kuzifungua bila kuharibu hata nati moja.

Niliporudi Nairobi mikono mitupu nilimwambia Bwana Dalip ukweli wote, nikamwekea funguo za gereji mezani. Alisema, "Miaka yote nimefikiri gari lile lilinigharimu mimi. Kumbe kuna watu wamelilipia zaidi." Akanirudishia funguo. Hakuniambia ni sawa. Alisema nifanye kazi, na niandike.

Kwa hiyo naandika. Bwana Dalip anakusalimu kwa heshima, Baba. Anasema lori halitaondoka Nairobi mpaka apate jibu lako. Anasema nikuulize unataka nini kifanyike na gari, kwa maana wewe umelitunza miaka mingi kuliko siku alizoliendesha yeye. Ukisema lije Nairobi tulifufue, litakuja, nami nitalifanya kwa mikono yangu. Ukisema libaki, litabaki, na atakuja tu kukuamkia. Kuhusu kabureta alisema angeweza kuagiza nyingine kesho asubuhi, lakini hatazinunua. Alisema, "Hilo si la fundi. Hilo ni la baba yako na yule mpwa wake."

Mimi sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nitakuja mavuno yakiisha, peke yangu, nitasimama palepale mlangoni mwa zizi, na utasema utakalosema. Ukiniambia nisile ugali wako nitalala kwa katekista. Lakini lile jina la mwizi ulilompa Danieli siku ile, naomba usingoje nije ndipo uliondoe. Uliita watu ukalisema mbele yao. Naomba uwaite tena, Paskalina awasomee ukurasa ule unaosema nilizitoa mimi, ausome mara mbili, wazee wanaosikia kwa shida nao wasikie.

Mama, najua utasema ulikuwa unajua moyoni. Labda ulijua. Kila nilipokuja likizo ulikuwa ukiweka sahani moja zaidi mezani halafu unaiondoa bila kusema kitu. Nilikuwa naiona.

Nisalimieni Mama Mkubwa wa Tlawi, na babu anayetutunzia mizinga, na katekista aliyenifundisha kuandika hati hii mbaya. Nisalimieni mke wa kaka Yohana na watoto, nasikia yule mdogo ameanza shule. Paskalina, asante kwa kusoma. Najua sauti ilikukauka mahali fulani, pumzika unywe maji.

Baba, kuandika nimeandika mimi, lakini kumwita Danieli siwezi kukusaidia. Hataitika akiitwa na mimi wala na barua. Basi linatoka Katesh asubuhi, linafika Basotu kabla ya jua kuwa kali. Ukishuka, uliza nyumba ya Danieli mvuvi, upande wa pili wa ziwa. Kila mtu atakuonyesha. Huko hakuna anayejua kwamba aliwahi kuitwa mwizi.

Ni mimi mwanao,
Petro